Mwimbe Akiwa Mbele Yako

Jumamosi iliyopita, msimu huu wa kupiga alizeti kwa fimbo, tulimzika Yunisi. Nyinyi mlimjua kwa jina la Nisi, yule wa redioni na kwenye harusi, na nyimbo zake bado mnazo kwenye simu zenu. Mimi nimempoteza mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye utotoni tulilala kitanda kimoja na kugombania blanketi. Na yeye ameondoka bila kupata jibu alilolingoja miaka mingi kutoka kwa mtu mmoja. Jibu hilo ndilo limenifanya nishike kalamu, kwa maana mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni shamba na kuku.

Mwanangu unayesoma haya, kumbukumbu zangu zinarudi kwenye siku moja tulipokuwa wasichana, kijijini kwetu, hapa nje kidogo ya Unyambwa. Tulikuwa tunapiga mtama nyumbani kwa bibi yetu, mzaa mama zetu. Wewe huenda umeona alizeti zikipigwa kwa fimbo, lakini siku zile ulikuwa mtama, na uwanja tuliusiriba kwa samadi ya ng'ombe mpaka ukawa mgumu na safi. Na uwanja ule ulikuwa na sheria yake. Fimbo zikishaanza kulia, mwanamke aliweza kuimba lolote lililomkaa rohoni, hata likiwa juu ya mume au mkwe, na kumtaja mtu kwa jina. Aliyeimbwa hakuruhusiwa kugomba wala kuinua mkono. Alikuwa na njia mbili tu, ajibu kwa wimbo, au achukue fimbo apige mtama pamoja na wengine. Akichukua fimbo, maana yake amesikia. Hajasema amekosa, lakini amesikia.

Yunisi baba yake alikuwa amefariki, na baba yake mdogo, Samweli, alikuwa amesogeza jiwe la mpaka likaingia ndani ya shamba la mama yake Yunisi. Kila mtu alijua, na kila mtu alipita pale akitazama upande mwingine. Basi siku hiyo Yunisi akaanza kuimba. Alikuwa na sauti nyembamba inayopanda bila kupasuka. Akaimba, "Baba mdogo Samweli, jiwe lako lina miguu? Juzi lilikuwa kwenye kichuguu, leo liko mlangoni kwa mama." Akina mama wakapiga vigelegele. Jirani yetu, Mama Petro, akacheza mpaka kanga ikamdondoka.

Bibi akaweka fimbo yake chini. Fimbo zetu nazo zikasimama.

"Samweli yuko wapi?" akauliza.

"Ameenda Shelui kuuza kuku, bibi."

"Shelui. Sasa umemwimbia nani?"

"Watu wamesikia," Yunisi akasema.

"Watu hawakusogeza jiwe."

Mama Petro akajaribu kulainisha mambo. "Mwache mtoto, mama. Kuku watampa habari njiani." Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Alizungumza kwa Kinyaturu, nami nakupa kwa Kiswahili kadiri ninavyokumbuka. Alisema, "Mtu ukimwimba naye hayupo, umemnyang'anya zamu yake. Atarudi akute kijiji kizima kimeshamcheka, na hana pa kujibia. Huo si wimbo, mjukuu wangu. Huko ni kumsema mtu. Maneno yako ni ya kweli, ndiyo maana nataka uyaseme akiwa amesimama pale." Akanyoosha kidole ukingoni mwa uwanja.

Samweli aliporudi, bibi akatuma aitwe aje kusaidia kazi. Yunisi alijificha ghalani, akanishika mkono. "Dada, kaimbe wewe."

"Sauti yangu si unaijua," nikamwambia. "Nikiimba mimi, watadhani ng'ombe anazaa."

Akacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomtoa ghalani. Aliimba macho yake yakiwa kwenye miguu ya baba yake mdogo. Samweli alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja akachukua fimbo mkononi mwangu, akaanza kupiga. Alipiga kwa hasira mpaka punje zikamwingia Mama Petro mdomoni. "Shemeji," Mama Petro akamwambia, "tunapiga mtama, hatuui nyoka."

Baada ya hapo jiwe lilirudi, ila halikurudi lote. Lilifika nusu ya njia. Mama Petro alisema limechoka, limekaa kupumzika. Lakini nusu ile mama yake Yunisi aliilima mpaka alipofariki, na hakuna aliyemgusa tena.

Sitakusimulia maisha yote ya Nisi, mwanangu. Alianza na bendi ya mjini Singida, akaenda Dar es Salaam, kaseti yake ikatoka, baadaye CD na video. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za mapenzi. Nyingine, niseme ukweli, hazikuwa na maana yoyote, watu walicheza tu na yeye akapata riziki. Hakuja kumzika mama yake, kwa sababu alikuwa safarini na bendi. Liliniuma, na nilimwambia. Nakuambia haya ili usije ukadhani nakuchorea malaika.

Lakini alipopata jina, alilitumia. Aliwasemea wasichana walioachishwa shule ili waozwe. Aliwasemea wajane waliofukuzwa mashambani. Redioni walimpa kipaza sauti naye akasema mbele ya wakubwa yale ambayo wengine wetu tuliyasema jikoni. Vijana waliokuwa wakimfuata walimtaka amtukane huyu na yule mitandaoni. Alikataa. "Nitamwimba nikimwona," ndivyo alivyowajibu. Walimwita mwoga. Hawakuujua uwanja wetu.

Kisha likaja suala la bonde. Chini ya kijiji chetu kuna bonde lenye maji, ambako akina mama walilima vitunguu na viazi vitamu. Kiongozi mmoja wa wakati ule, sitamtaja jina wala cheo, tulimwita mheshimiwa na nitamwita hivyo hivyo, alitoa amri likakatwa viwanja. Akina mama waliambiwa wataitwa kwenye mkutano wasikilizwe. Hawakuitwa. Asubuhi moja walikuta vigingi katikati ya vitunguu vyao.

Yunisi alitunga wimbo, akauweka. Hakuurekodi kwanza. Alingoja. Siku alipoalikwa kutumbuiza kwenye sherehe mjini, mgeni rasmi akiwa mheshimiwa mwenyewe, kiti cha mbele, ndipo akauimba. Mimi nilikuwepo. Walimzimia kipaza sauti, akaendelea kwa sauti yake tu, na uwanja ukanyamaza ili umsikie. Alipomaliza alisimama pale pale, mikono chini, anangoja. Mheshimiwa hakujibu. Aliangalia saa, akainuka, akaondoka na watu wake.

Baada ya siku hiyo mialiko ikakauka. Nyimbo zake zikaacha kusikika, hata zile za mapenzi. Waliokuwa wakimpigia simu kila wiki wakawa hawapokei. Akarudi nyumbani, akalima alizeti jirani na mimi, akamlea binti yake Neema. Wimbo wa bonde alikuja kuurekodi baadaye, vijana wakaupenda, lakini yeye hakuufurahia. Gari kubwa likipita barabarani aliinua kichwa. Nilijua anamwangalia nani. Alipougua, karibu na mwisho, aliniambia, "Dada, hata angenitukana ningeshukuru. Yule hakunijibu vibaya. Hakunijibu kabisa."

Sasa nirudi kwenye Jumamosi.

Tulikuwa makaburini, jeneza limeshashushwa, mchungaji amemaliza, vijana wameshika makoleo. Gari likaja. Akashuka mheshimiwa, mzee sasa, amestaafu, amevaa koti jeusi. Alikuja kuhani. Akasimama nyuma kidogo, kofia mkononi.

Neema alikuwa na spika na simu. Akanisogelea, uso umevimba kwa kulia. "Mama mkubwa, niwashe?"

"Usiwashe."

"Kwa nini? Amekuja mwenyewe. Yupo. Si ndivyo bibi yenu alivyosema, aimbwe akiwepo?"

"Yeye yupo. Asiyekuwepo ni mama yako. Akitaka kujibu, aijibu spika?"

Mjomba mmoja aliyesimama karibu akatunong'oneza tuache, mgeni ameuheshimu msiba, tusilete aibu. Neema akanitazama. "Basi nani ataimba? Mimi siwezi, mama mkubwa. Sauti imekauka." Na kweli ilikuwa imekauka. Alikuwa anasema kwa kupumua tu.

Nilifikiri nirudi nyuma nikajifiche chini ya mti. Nilifikiri jinsi ambavyo Yunisi hatapata tena siku nyingine ya kuwa mahali pamoja na mtu huyu. Leo wako hatua chache tu, na baada ya udongo kufunika, basi. Nikasogea mbele ya mheshimiwa. Nikamwambia, "Karibu msibani. Kuna wimbo mdogo wangu alikuimbia, nawe hukuujibu. Naomba uusikilize tena." Nikaimba.

"Mheshimiwa, bonde lina wenyewe.
Walipanda vitunguu, wakavuna vigingi.
Ulisema utawaita.
Wameketi, wanangoja."

Niliimba vibaya. Ubeti wa pili niliusahau wote, nikarudia wa kwanza. Mahali ambapo Yunisi alipanda, mimi nilikohoa. Hakuna aliyepiga kigelegele wala kucheka. Nilipomaliza sikukimbia, ingawa nilitamani. Nilisimama mikono chini, kama nilivyomwona yeye akisimama siku ile.

Kabla sijakueleza alichofanya, mwanangu, nikuambie neno langu, kwa sababu jibu la mtu mwingine haliko mikononi mwako, na nasaha hii ingekuwa ile ile hata kama angepanda gari akaondoka.

Mna sauti nyingi kuliko tulizokuwa nazo sisi. Kila mmoja wenu ana kipaza sauti mfukoni. Mnaweza kumsema mtu aliye Mwanza au Ulaya akiwa amelala, na akiamka akute dunia nzima imeshamcheka. Sikukatazi kusema. Yunisi alisema, na sikuwahi kumwombea anyamaze, ingawa nilimwogopea. Ninachokuomba ni hiki. Ukiwa na neno juu ya mtu, mtafute mpaka umpate. Ngoja ikibidi. Liseme akiwa anakuona na wewe unamwona. Liseme lote, bila kulipunguza kwa sababu ana koti zuri. Ukimaliza, nyamaza, umwachie zamu yake. Hapo kwenye kunyamaza ndipo pagumu. Wengi wanajua kuimba, wachache wanajua kubaki wamesimama baada ya wimbo. Na usidhani kwamba ukifanya hivyo utashinda. Yunisi alifanya hivyo akapoteza kazi yake, nami sitakudanganya kwamba bonde limerudi. Halijarudi. Lakini hakuna mtu hapa kwetu, hata waliomchukia, anayeweza kusema Yunisi alimsengenya. Alikwenda kaburini bila kumwogopa mtu ana kwa ana.

Na ukiimbwa wewe, mwanangu, maana siku moja utaimbwa, usitazame saa. Chukua fimbo.

Mungu akupe neno la kweli, akupe na ujasiri wa kulipeleka linakohusika. Akulinde na kicheko cha watu wasiohusika. Akupe dada wa kukuchekesha ghalani unapojificha, na siku utakapokuwa huwezi tena kusema, asikose mtu wa kusimama kwa niaba yako, hata kama sauti yake ni mbaya.

Sasa lililotokea. Mheshimiwa alikuwa anaangalia kofia yake. Ndipo mzee Samweli akainuka kwenye kiti tulichomletea. Ndiyo, baba mdogo yule yule. Bado yu hai, haoni vizuri, anatembea kwa mkongojo. Akaenda kwa vijana, akapapasa mpaka akashika koleo, akalivuta, akaja nalo taratibu akiliburuza kwenye udongo. Watu wakampisha. Akamfikia mheshimiwa, akamnyooshea mpini.

"Mimi aliniimba zamani," akasema. "Nilipiga mtama. Sasa ni zamu yako."

Mheshimiwa alivua koti, akampa dereva wake pamoja na kofia. Akachukua koleo. Alitupa udongo mara chache tu, pumzi zikamwishia, akabaki ameegemea mpini, jasho likimtoka. Kisha akamrudishia kijana mmoja koleo, akanifuata pale nilipokuwa.

"Mama," akaniuliza polepole, "hilo bonde liko upande gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Akavaa kofia yake, akateremka kuelekea huko kwa miguu, na gari likamfuata nyuma.