Chumba cha Chini Kwenye Ngome

Wenzake kazini walimwita Mama Kinyumenyume. Miaka kumi na tisa alitembeza wageni akirudi nyuma, uso kwao, mgongo kwenye ngazi, na hajawahi kuanguka hata siku moja. Wageni wenyewe ni wale wa mikutano: siku tatu wanasinzia ukumbini, ya nne wanapakiwa kwenye basi wakaone mambo ya kale kabla ya chakula cha mchana. Kazi aliijua, usiseme!

Asubuhi hiyo meneja mpya, aliyeajiriwa juzi tu, akampa karatasi. Chumba cha chini kwenye ngome, kuanzia leo, kiitwe ghala la nafaka.

"Ghala?" Mama akamkazia macho. "Bwana, bibi yangu mzaa baba alifungwa mle miezi saba. Alikuwa gunia la mahindi?"

"Mama, tuelewane. Watu wamekuja kupumzika. Ukiwapa habari za jela, hawali. Leo napanda basi nawe. Ukikiuka, unaacha kitambulisho cha kazi."

Makubwa haya! Kitambulisho hicho ndicho kilichosomesha binti zake wawili, na wa tatu bado yuko chuoni. Ndani ya basi alikuwa na hasira, na woga nao ulikuwepo, tusidanganyane. Akajiambia atasema ghala, yaishe. Mkono mtupu haulambwi.

Ngomeni akawahesabu: thelathini na wanne. Akashuka ngazi kwa mtindo wake, wao wakimfuata, meneja mkiani. Chini akafungua mdomo aseme ghala. Neno likagoma.

"Ingieni wote," akasema badala yake. "Sogeeni. Bado. Sogeeni tena."

Akavuta mlango. Giza, bega kwa bega, hakuna pa kuweka mkono, na meneja humo humo.

"Walikuwa arobaini," Mama akasema. "Walikataa kulimishwa kwa nguvu mashamba ya walowezi, wakaletwa hapa. Walilala kwa zamu, maana nafasi ya kulala wote haikuwepo. Mmoja wao ni bibi yangu."

"Mama, inatosha!" meneja akafoka. "Fungua! Chakula kinapoa!"

"Na kipoe."

Alipokwisha kusema yote aliyotaka kusema, akafungua. Akavua kitambulisho shingoni, akamkabidhi meneja mkononi bila kuombwa. Meneja akapanda ngazi akiwaita watu basini. Akaita, akaita. Nani anamsikia? Hakuna aliyetoka.

Daktari mmoja wa makamo, mwenye beji ya mkutano kifuani, akasogea.

"Huyo bibi yako," akauliza, "alikuwa anaitwa nani?"

Miaka yote hiyo Mama alikuwa akisema "wafungwa" tu, na hakuna aliyewahi kumwuliza jina la mtu. Akamgeukia daktari. Kisha akalitaja, la bibi, la baba yake bibi na la babu yake, moja moja, kwa sauti ya kufika juu mpaka kwenye basi.