Matofali Chini ya Blanketi

Matofali yakipata moto hunuka kama vumbi la mvua ya kwanza. Msimu mmoja wa baridi, nikiwa darasa la nne, nyumba yetu ya Minneapolis ilinuka hivyo usiku na mchana, na nguo zangu nazo, hadi shuleni nikawa sivui jaketi ili wenzangu wasiisikie harufu. Ilikuwa kazi ya Baba. Aliokota matofali ya nyumba iliyobomolewa, akayapanga ndani ya sanduku kubwa la bati karibu na mlango wa jikoni, akapitisha nyaya za kupasha joto katikati yake. Mchana nyaya zilikula umeme wa paneli za jua juu ya gereji. Usiku, upepo ulipovuma, kinu kidogo cha upepo alichosimamisha uani kikashika zamu. Matofali yalikunywa joto hilo lote na kulitoa polepole. Juu yake Baba aliweka kifuniko, akatandaza sufi ile inayojazwa kwenye kuta za nyumba za huku kuzuia baridi, kisha mablanketi, likiwemo la maua ambalo Mama alitoka nalo Nakuru.

Ibada za nyumbani za Wakenya wa kanisa letu zilizunguka nyumba kwa nyumba, na Januari ikawa zamu yetu. Baba alijiandaa kama bwana harusi. Alizima kabisa hita ya gesi, ili baada ya maombi awaambie wageni kwamba joto walilokaa nalo jioni yote lilitoka kwa jua na upepo. Alitaka hilo tu: wakubali kwamba kitu chake kinafanya kazi. Hotuba yake niliisikia bafuni akijisemea.

Hakufika kwenye hotuba. Kwetu mgeni mwanamke hakai akisubiri kupakuliwa. Anaingia jikoni mwenyewe. Mama Stacy, ambaye sauti yake haikuhitaji spika, aliona sanduku lililovishwa blanketi na hakuuliza. Alijua ni kikapu cha kupikia bila moto, kama vile vya vikundi vya akina mama nyumbani: unachemsha githeri yako ya mahindi na maharagwe, unaifunika humo, inaiva yenyewe. Akatupa blanketi kando, akatoa sufi, akainua kifuniko.

“Woi! Njooni muone! Baba Shiru anatupikia mawe!”

“Labda hayajaiva,” mwenzake akadakia. “Ongeza chumvi!”

Kila mtu pale alijua anayepika mawe ni nani: mama asiye na chochote, anayedanganya watoto mpaka walale. Walicheka wakashikana mabega. Walicheka wakiwa wamelizunguka sanduku, kifuniko wazi, joto la siku nzima likipanda darini. Kufikia sala ya mwisho, wageni walikuwa wamevaa makoti. Baba akaenda akawasha hita ya gesi, akarudi, akasema “Amina” pamoja na wengine. Mimi nilikodolea soksi zangu macho. Niliona aibu kuitwa mtoto wake.

Wiki hiyo akalibomoa. Hakuunda kitu kingine tena.

Leo ninaishi Saint Paul na binti yangu, kwenye ghorofa ambayo wenye nyumba wameiwekea mtambo mpya: umeme wa jua na wa upepo unapasha tangi la mchanga huko chini, nao mchanga unatupa joto usiku. Walikata utepe na keki, wakapigana picha, wakapongezana kwa werevu. Nilisimama pale na mtoto mgongoni nikitamani kuipiga teke ile keki yao. Nikampigia Baba, ambaye siku hizi amerudi Nakuru. Nilitaka akasirike pamoja nami.

“Mchanga?” akasema. “Mchanga ni mzuri sana, mami. Unashika joto kwa muda gani?”

Nililala kwa joto la huyu mtu msimu mzima, na sijawahi kumuuliza swali kama hilo, hata moja.

“Sijui, Baba.”

“Basi shuka ukaulize,” akasema, na sauti yake ilikuwa na haraka, sauti ya kijana. “Nenda tu. Nakungoja kwenye simu.”