Pambano Lililotunyamazisha

Tarehe tano ya mwezi wa sita, siku ya Jumanne, kaka yangu Kasongo alifariki Kalemie. Tulikuwa hatujaongea kwa miezi minane, na sababu ilikuwa ngumi. Hapa Kabalo wengi wameniuliza juu ya safari yangu ya msibani, nami sikuwajibu. Sasa naieleza.

Tulizaliwa Kalemie, kando ya ziwa. Mimi nilihamia Kabalo kubeba mizigo ya treni, yeye akabaki na nyavu zake. Ilipotangazwa kwamba Kifaru, bingwa wa ngumi wa Kabalo, atapigana na Radi, bingwa wa Kalemie, nilimpigia simu nikamtania kuwa Radi ataanguka raundi ya tatu. Akanijibu:

"Uliacha ziwa, sasa unashangilia hata wenye kutupiga? Usinipigie tena mpaka Radi amupige ule wenu."

Nilikata simu. Pambano likaahirishwa mara tatu, nasi tukangoja.

Jumatano asubuhi nilipanda treni. Behewani walikuwa wanabishania pambano hilohilo.

"Kifaru iko na mukono wa kushoto, mubaya sana!"

"Mukono gani? Radi atamuzungusha kama mutoto!"

Injini iliharibika porini, tukakaa pale siku nzima. Watu walishuka wakapika ugali kando ya reli, na ubishi ukashuka nao.

Ijumaa mchana nilifika Kalemie. Walikuwa wamemzika jana yake. Chini ya turubai la msiba nyimbo zilipopungua, vijana waliovua pamoja naye wakanigeukia.

"Papa wa Kabalo, Kifaru wenu anakuja kweli, ao anaogopa maji?"

Wakacheka.

Jumapili tulimaliza kilio. Kwetu, kabla watu hawajanawa mikono katika beseni moja na kutawanyika, mkubwa wa ukoo huuliza nani alikuwa na neno la ugomvi na marehemu. Mwenye neno akinawa bila kulisema, huondoka nalo. Baba mkubwa aliuliza. Ningeweza kunyamaza, maana nilidhani hakuna aliyejua. Nikasimama nikasema yote.

"Kwa sababu ya ngumi?" akauliza Baba mkubwa.

"Ndiyo, Baba."

"Na bado hawajapigana?"

"Bado."

Mama Feza, mjane wa kaka, alisema bila kuniangalia: "Kila wakiahirisha alikuwa anatukana, anakataa kula. Mimi nilizani ni ngumi tu anapenda, kumbe ni simu yako anangoja."

Nikanawa. Yalikuwa maji tu.

Jumanne nilipanda treni ya kurudi. Nilichojifunza ni kidogo, na kimechelewa: miezi minane yote simu ilikuwa mfukoni mwangu, na namba yake nilikuwa naijua kwa kichwa. Hakuna bondia aliyenishika mkono nisimpigie.

Tulipokaribia Kabalo, redio ya abiria mmoja ikatangaza kwamba pambano limeahirishwa tena. Behewa zima likapiga kelele, kila mmoja akidai bingwa wa mwenzake ndiye mwoga. Jamaa aliyekaa mbele yangu akaniuliza:

"Na weye Papa, uko wa nani?"

"Wa Radi," nikasema.

Wakanizomea mpaka treni iliposimama. Mama mmoja mwenye gunia la dagaa akanisukuma bega.

"Basi teremuka, urudi kwenu!"

Tulikuwa Kabalo. Nikateremka.