Mpokea Simu na Njia ya Msituni

Wapo watu wakimwona mwenzao ana furaha wanashukuru. Mama mkwe wa mdogo wangu akimwona mtu ana furaha, anamtafutia kosa.

Mdogo wangu ni mpokea simu wa malalamiko katika ofisi ya maji. Mabomba yakikauka anatukanwa yeye, utadhani ndiye aliyeyanywa maji yote. Na haruhusiwi kujibu. Mtu anamtukania mama yetu mzazi, naye anasema, "Pole sana, mteja, tatizo lako limepokelewa." Mimi ningefukuzwa siku ya kwanza, kabla ya chai.

Akitoka kazini alikuwa hapiti barabarani. Alikatiza msitu ulio nyuma ya ofisi, akafuata kijito mpaka darajani, ndipo akapanda kilima cha kwao. Taratibu, peke yake. Aliwahi kuniambia, "Dada, nikiingia mle bado nawasikia wananigombeza kichwani. Nikifika kijitoni nasikia maji na ndege tu. Nikitokea upande wa pili, nakumbuka kwamba nina mtoto." Ndiyo dawa yake, na wala haikumsumbua mtu.

Sasa mama mkwe, anayekaa nao nyumba moja, akaona majani kwenye sketi ya mdogo wangu, tena akasikia mtu anaimba jikoni. Akamwita mwanawe. "Lisemwalo lipo. Mke wa mtu anafuata nini msituni jioni?" Lisemwalo na nani? Si alisema yeye peke yake! Na shemeji yangu, mtu mzima na ndevu zake, akakubali. Akakodi pikipiki, imtoe mkewe mlango wa ofisi imshushe mlango wa nyumba. "Nimemhurumia miguu," akanitambia. Miguu! Ebo!

Nyimbo zikaisha. Mdogo wangu akawa anafika na kukaa kitandani na viatu vyake, anautazama ukuta. Usingizi akawa haupati. Jumapili moja nikaenda kumjulia hali. Tukiwa sebuleni pamoja na shemeji na mama mkwe, mtoto wa mdogo wangu akaanguka barazani, akamkimbilia mama yake huku analia, goti linavuja damu. Mama akamtazama tu. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya ofisini, "Pole sana, mteja. Tatizo lako limepokelewa."

Wakacheka! Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi. Mtoto hakucheka. Aligeuka, akamfuata bibi yake.

Nikapandwa na mori. "Mnacheka nini? Mtu anawapotelea mbele ya macho yenu, nyie mnakenua meno! Hivi akili zenu mmemwazima nani?"

"Shemeji, usitupandishie sauti humu ndani," akasema shemeji, kanuna. "Mimi ni mumewe, nina haki ya kujua. Haya, niambieni leo, huko msituni kuna nani?"

Mdogo wangu akasimama. Alikuwa amesahau jinsi ya kumjibu mtu, sauti ikatoka inakwaruza.

"Hakuna mtu," akasema. "Kutwa nasikiliza watu, nikirudi nawasikiliza nyie. Kule hakuna mtu hata mmoja. Ndicho ninachokifuata."

Akamchukua mtoto mapajani kwa bibi yake, akatoka naye, akaelekea msituni. Shemeji akainuka kumfuata.

Nikavuta kiti, nikakaa katikati ya mlango.