Supu Isiyo na Mbuzi

Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo nikiieleza Japani vibaya mnivumilie. Nilikwenda kwa sababu binti yangu wa mwisho alipata mchumba huko, na mama wa kijana alitaka tuonane kabla hajasema lolote. Mama huyo ana mgahawa mdogo, mdogo kuliko banda langu la ng'ombe hapa Uru, na banda lenyewe nililijenga vibaya, mlango unatazama upepo. Tuyaache hayo.

Kwetu mlimani mkwe akija anachinjiwa mbuzi, na kila kipande kina mwenyewe. Mimi baba wa binti nategemea kidari. Nisipokiona, nabeba fimbo yangu, nimeshaambiwa hapana.

Nikaletewa bakuli la rameni, yaani tambi ndefu ndani ya supu nyeupe, nzito kama ya makongoro. Nikafurahi. Nikaanza kutafuta kidari kwa vile vijiti vyao. Nikapata uyoga, mahindi, na kitu cheusi kama mfuko wa plastiki ambacho kumbe ni jani la baharini.

"Baba, unatafuta nini?" binti akauliza.

"Nyama yangu. Kuna mtu kaitoa."

"Hapa hawapiki nyama, Baba. Wala yai, wala maziwa. Hiyo supu ni ya soya."

"Basi tuondoke. Wametukataa."

"Nani kakukataa? Mama wa watu kaamka alfajiri kukupikia wewe."

"Kakataa kwa adabu. Hata babu yako alikuwa akikataa kwa adabu."

"Baba, kula. Anakutazama."

Kweli alikuwa akinitazama, kitambaa mkononi, anakikunja na kukikunjua. Bakuli langu lilikuwa kama shamba lililopitiwa na nguruwe. Kijana, aliyekuwa akiosha vyombo, akaacha kuosha. Binti yangu akainamisha kichwa. Hapo nikaelewa kwamba anayekaribia kuivunja hii ndoa ni mimi.

Nikavuta tambi. Zilikuwa za moto, na meno yangu ya bandia hayapendi haraka, basi nikavuta kwa kelele ambayo nyumbani ningefukuzwa nayo. Mama yule akatabasamu. Binti akaninong'oneza kwamba huko kelele ndiyo sifa. Nikavuta kama ng'ombe mtoni, na tamu, sisemi uongo.

Sasa, kwetu baba hukataa kwanza, akabembelezwa, ndipo akubali. Nilikuwa na hotuba nzima ya kukataa. Lakini mama yule akachagua wakati huo huo kuniuliza, kupitia binti, kama namtoa mtoto. Nami nina tambi kutoka mdomoni hadi bakulini, kuzikata siwezi, kusema siwezi. Nikainua kichwa na kukishusha ili zipande. Wakapiga makofi. Kijana akaniinamia mpaka karibu agonge kaunta.

Nilipomeza nikataka kusema kwamba nilikuwa sijajibu. Lakini binti yangu alikuwa analia huku anacheka, na mama wa kijana ameshaniongezea tambi, kwa hiyo nikaendelea kula.