Taya la Kuku na Hatima ya Korodani Zangu

Hakuna mtu Isan nzima asiyeogopa kisu kama mimi.

Hayo niliyasema mwenyewe, saluni, mbele ya wateja wenye rangi vichwani, mkasi mkononi.

"Korodani? Kitu gani hizo!" nikawaambia. "Siku nikienda kuzitoa, daktari asinisumbue na ganzi. Aniwekee muziki tu."

Wakanipigia makofi. Nikainama kama mshindi wa mashindano ya urembo.

Wiki hiyohiyo nikazimia kliniki kwa sababu daktari alichora korodani kwenye karatasi.

Kwa kalamu. Ya bluu.

Ngoja nianze vizuri, maana naona mshaanza kucheka kabla sijawaruhusu.

Naitwa Kob. Kwetu Isan, huku kaskazini-mashariki ya Thailand, kila mtoto ana jina la nyumbani, na langu maana yake ni Chura. Msiniulize, muulizeni mama. Nilizaliwa na mwili wa kiume, ila tangu chekechea mimi ni binti na kijiji kizima kinajua. Watu kama mimi tunaitwa kathoey. Hakuna shughuli inayonoga bila sisi. Tunawapamba, tunawasuka, tunacheza mbele ya maandamano mpaka bibi wa miaka tisini anatupa mkongojo.

Kwa hiyo shida yangu haikuwa watu.

Shida yangu ilikuwa vidonge.

Nilikuwa nameza vya aina mbili. Kimoja kinaleta homoni za kike, kingine kinazima za kiume. Hicho cha pili ndicho kilichokuwa mchawi wangu. Kichwa kizito, usingizi mchana kweupe, machozi bila msiba. Siku moja nilisinzia nimesimama, rangi ikakaa kwenye nywele za mke wa mwenyekiti wa kijiji mpaka akatoka kijani kama kisamvu. Na vipimo vya damu vikaanza kusema ini linachoka.

Operesheni kubwa, ile ya kumaliza kila kitu, niliitaka huko mbele, nikishajipanga.

Ndipo bosi wangu akaniita pembeni. Dada Jiap, kathoey mwenzangu, kanizidi umri na kanizidi mdomo.

"Mdogo wangu, funga kiwanda kwanza," akasema. "Kiwanda kikifungwa, hutahitaji dawa ya kukizima. Nyumba utajenga baadaye."

"We ulifunga?"

"Zamani. Jioni yake nilipitia sokoni kununua mapapai mabichi."

"Hukuumia?"

"Niliumia sana. Mapapai yalikuwa yameoza."

Basi akanipeleka kliniki mjini. Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, anaongea kama anasoma taarifa ya habari.

"Ni operesheni ndogo," akasema. "Unaingia asubuhi, mambo yakienda vizuri jioni uko kwako. Kidonge cha kuzima unaacha. Cha kike unaendelea nacho. Kupata mtoto wa damu yako usahau, labda uhifadhi mbegu kwanza. Na ujue hili: ngozi ya mfuko ikikaa muda mrefu bila kitu ndani husinyaa. Ukija kufanya ile kubwa, huenda isitoshe, tukaitafuta kwingine mwilini. Utaongea kwanza na madaktari wa akili. Ukishakata, umekata. Sasa tazama, tunapasua hapa..."

Akachora.

Nilipofumbua macho, miguu yangu ilikuwa juu ya kiti na Dada Jiap ananipepea na bahasha.

"Tuweke muziki sasa, au bado?" akaniuliza.

"Joto," nikasema.

"Kiyoyozi kinawaka."

"Basi ni baridi."

Nikarudi nyumbani kumwambia mama. Nilijiandaa kwa kilio, nilijiandaa kwa ndala ya kichwa. Mama, jina lake Bualai, alikuwa anatwanga pilipili. Hata mchi hakuusimamisha.

"Sawa," akasema.

"Sawa? Sawa tu?"

"Mwili ni wako. Ila utawa kwanza."

Hapo ndipo nikamkumbuka Pu Ta.

Pu Ta ni mzimu babu, mlinzi wa kijiji chetu. Ana kibanda chake kwenye kichaka nyuma ya mashamba ya mpunga. Nilipokuwa mdogo niliumwa homa ya mbu nikawa wa kuzikwa. Mama akakimbilia kichakani, akapiga magoti, akaweka nadhiri: mwanangu akipona, akikua atanyolewa na kuvaa vazi la njano, awe mtawa hata kwa siku chache. Kwetu mtoto akivaa vazi lile, mama yake hushika pindo lake akapanda nalo peponi.

Nikapona. Deni la Pu Ta likabaki.

Na kuna kigingi. Siku ya kupokelewa, watawa wanakuhoji mbele ya watu. Wewe ni binadamu? Wewe ni mwanamume? Aliyehasiwa hapokelewi, hata angekariri sala zote.

"Ukikata kwanza, nadhiri yangu imekufa," mama akasema. "Vaa vazi siku kumi na tano, ukitoka kata hata shingo."

"Mama, wananyoa nywele!"

"Zitaota."

"Wananyoa na nyusi!"

"Zitaota. Hayo mengine ndiyo hayaoti."

"Na wakiniuliza kama mimi ni mwanamume, niseme nini? Nidanganye mbele ya sanamu ya Buddha?"

Mchi ukasimama.

Mama akaacha pilipili kinuni, akaingia ndani.

Mimi huku nyuma nikageuka mjane. Saluni nzima ikajua. "Mama kanizuia! Mimi ningeshafanyiwa zamani, ila mama ni ukuta!" Nikaandika mtandaoni, watu wakanililia mpaka Chiang Mai, kule mbali kaskazini. Wateja wakaniletea matunda ya pole. Nikanenepa kwa huzuni.

Dada Jiap alikuwa ananiangalia tu anapuliza kucha.

"Pole sana, shujaa," anasema.

Kumbe mama hakulala. Alikwenda hekaluni kwa Babu Mtawa, mkuu wa hekalu letu, mzee anayefumba macho muda wote mpaka hujui kama anatafakari au amelala. Mama akamweleza yote. Babu Mtawa akasema, "Nadhiri ni ya nyumba. Ndugu mwingine wa damu aingie badala yake. Akishaingia, mkamuulize Pu Ta kama ameridhika."

Ndugu wa damu mwanamume tuliyebaki naye ni mmoja. Mjomba Khamphan.

Jamani.

Mjomba Khamphan, mdogo wake mama, alikuwa hajawahi kulala bila pombe ya mchele, na hajawahi kusema ukweli hata ukimuuliza jina lake. Aliwahi kutuambia amenyang'anywa baiskeli na tembo. Tembo mwenyewe alikuwa kwenye bango.

"Mimi? Mtawa? Dada, nina mgongo," akaanza.

Mama akamuuliza swali moja. "Nani anakupikia?"

Mjomba akanyolewa.

Siku ya maandamano ilikuwa ya kufuru. Gari la spika mbele, mimi na Dada Jiap tunacheza, mjomba kabebwa mabegani kavaa nyeupe kabla ya kupewa ile njano, hana nyusi, analia kama anapelekwa jela. Ndani ya ukumbi wakamuuliza, "Wewe ni mwanamume?" Akajibu kwa sauti mpaka njiwa wakatoka kwenye paa.

Mama alilia kwa furaha. Kisha akanigeukia, akanishika shavu.

"Njia yako iko wazi, mwanangu. Bado Pu Ta tu."

"Asante, mama," nikasema.

Nikaenda kukaa kivulini. Joto la shughuli tu.

Kumuuliza Pu Ta kwetu kuna utaratibu wake. Unachemsha kuku mzima na kichwa chake, unampelekea na chupa ya pombe ya mchele. Watu wanainama, Mzee Sut mtunza kibanda anasema maneno yake, halafu anang'oa kijifupa cha taya cha kuku. Vijiti vyake vikiwa vimenyooka sawasawa, mzimu kakubali. Vikiwa vimepinda, kakataa.

Yaani daktari kasoma miaka na miaka, nimepimwa damu, nimepangiwa madaktari wa akili, halafu mwenye kauli ya mwisho juu ya korodani zangu ni kuku.

Mimi ndiye niliyebeba sinia. Tukapiga magoti kichakani, mama, mimi, Dada Jiap na majirani. Tukainama paji chini. Mzee Sut akaanza kunong'ona. Mimi niliinuka mapema kidogo kuliko wenzangu. Sinia lilikuwa limekaa upande, nikaliweka sawa. Mimi ni mtu wa usafi.

Mzee Sut akaingiza mkono, akachomoa kijifupa, akakiinua juani.

Kilikuwa kimepinda kama ndoano.

"Pu Ta amekataa," akasema.

Nililia! Nililia mpaka wanja ukafika kidevuni. "Basi tena! Ndoto yangu! Pu Ta, kwa nini mimi?" Majirani wakanishika huku na huku. Nikawaambia nitavumilia, labda mwakani, labda mwaka mwingine, nani anajua mipango ya mizimu.

Mama hakulia. Usiku hakula. Nikajua atasahau.

Asubuhi sikumkuta nyumbani.

Jirani akaniambia, "Mama yako kaenda hekaluni. Kavaa nyeupe."

Nilikimbia na ndala mguu mmoja. Nikamkuta kakaa ukumbini, kichwa kimelowanishwa maji, bibi mmoja wa watawa wa kike kasimama nyuma yake na wembe. Watawa wamekaa kwenye jukwaa lao, Mjomba Khamphan kati yao, mweupe kichwani kama yai. Dada Jiap alikuwa ameshafika kabla yangu. Huyo umbea unamfikia kabla haujatokea.

"Mama, unafanya nini?"

"Niliyeweka nadhiri ni mimi," akasema. "Atakayelipa ni mimi. Nitakaa hapa hekaluni, sitoki mpaka Pu Ta aridhike. Nimekufungia maisha yako, Kob. Vidonge vinakula ini lako kwa sababu ya mdomo wangu. Siwezi kula wali nikilijua hilo."

Mwili ukanifa ganzi. Ganzi ileile niliyosema sihitaji.

"Mama, subiri. Labda taya lilikosewa."

"Taya halikosei."

"Labda kuku alikuwa na ajali utotoni."

"Kob, kaa chini."

Bibi akashusha wembe. Alianza na nyusi. Mama akafumba macho.

"Simama!"

Ilikuwa sauti ya Mjomba Khamphan. Kasimama jukwaani, jasho linamtoka kwenye upara.

"Dada... yaani, muumini," akasema. "Pu Ta hakukataa."

Mama akafumbua jicho moja. "Wewe umejuaje? Hukuwepo."

"Nilikuwepo. Nyuma ya mti."

"Unafanya nini nyuma ya mti?"

"Nanusa."

"Unanusa nini?"

"Pombe ya mzimu," mjomba akasema. "Kunusa tu! Mdomo haukugusa. Nimeshaungama kwa Babu Mtawa."

Babu Mtawa akaitikia kwa kichwa, macho yamefumbwa. Kumbe yuko macho.

"Sasa mlipoinama wote," mjomba akaendelea, "mimi nikiwa pale nanusa, nikamwona Kob ameingiza vidole mdomoni mwa kuku."

Nikasikia tone la maji likidondoka kutoka kwenye nywele za mama.

"Mjomba muongo!" nikapiga kelele. "Nyie si mnamjua? Huyu ndiye wa tembo!"

"Huyo alikuwa Khamphan," akasema Mzee Sut, aliyekuwa ameketi kati ya waumini. "Huyu ni mtawa. Mtawa hasemi uongo."

Wote wakanigeukia.

Mama akasimama. Maji yanamchuruzika, nyusi ya kushoto imebaki nusu. Nikafumba macho nikingoja ndala. Ndala haikuja.

"Unaogopa kisu," akasema. Halikuwa swali.

"Watu wameniita ukuta, nikavumilia. Nikamnyoa mdogo wangu. Nikataka kujinyoa mwenyewe. Kumbe ungeniambia tu, mama naogopa, ningekwambia hata mimi naogopa. Tungeogopa wawili." Akanifuta wanja kwa pindo la vazi lake jeupe lililolowa. "Jumatatu tunakwenda wote kwa yule daktari. Ukitaka kuingia, nakushika mkono. Hutaki, muulize dawa nyingine ya kuliponya hilo ini, tunakula tambi tunarudi. Lakini hofu yako ibebe mwenyewe. Ukimbebesha mwingine, ndio hivi anatafutiwa wembe."

Nawapa hilo kama nilivyopewa, ndugu zangu. Mimi limenigharimu matunda yote ya pole yaliyobaki, Dada Jiap kayarudisha kwa wenyewe.

Ila kwa vile watu walikuwa bado wananitazama, nikaona nijitetee kidogo. Nikanyoosha mgongo, nikatupa nywele nyuma.

"Kuogopa kwenyewe hakukuwa kwingi kivile," nikasema.

Mjomba akakohoa kule jukwaani.

"Muumini Kob," akasema kwa upole wa kitawa, "ulikuwa unalia, unamwomba kuku msamaha."