Futari ya Kwaresima

Ilitangazwa rasmi, Februari ya mwaka 1974, katika kijiji kimoja cha ujamaa juu ya Mlalo, kwamba unga wa njano uliotolewa na Serikali ni wa kaya iliyopewa, na ni marufuku kuuhamishia kaya nyingine bila kibali cha Mwenyekiti. Mwenyekiti, Bwana Nikodemo, alilisoma tangazo mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza watu walipiga makofi kabla hajafika kwenye marufuku.

Efrazia alilisikia vizuri. Alikuwa mjane wa miaka sitini, Mlutheri, mwenye meno machache na maoni mengi. Mahindi ya mwaka ule yalikuwa yamekauka yakiwa kimo cha goti. Mume wa jirani yake, Zainabu, alikwenda kukata mkonge Mazinde na hakuleta habari. Watoto walikuwa wanne, na mgawo wa unga wao ulikwisha kabla ya wiki kwisha. Lakini ukimpa Zainabu msaada alikuwa akijibu, "Tumeshiba, mama," huku watoto wakimkodolea macho.

Basi Jumatano ya Majivu, Kwaresima ilipoanza, Efrazia akabisha hodi kwa Zainabu na bakuli la unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimefunga, mwanangu. Kwaresima. Chakula changu cha jioni hakiruhusiwi kulala kwangu."

"Kimekatazwa na nani?"

"Na Mungu. Kamwulize."

Zainabu hakuona adabu kubishana na dini ya mtu. Akapokea.

Ila naye alikuwa na dini yake, na ndani yake aliyefunga hufuturishwa. Jua lilipozama Efrazia alikuta mlangoni sahani ya ugali wa unga uleule, wa moto, na mboga ya mnavu juu yake.

"Futari yako, mama."

"Sisi hatufuturu. Tunafunga siku arobaini."

"Arobaini bila kula? Pasaka itawakuta marehemu! Kula, la sivyo kesho sipokei bakuli lako."

Efrazia akala. Unga ukawa unapanda na kushuka kijia cha kati ya nyumba zao kila siku, hadi magoti ya Efrazia yakakataa. Siku ya tano alipeleka bakuli, akaketi hukohuko jikoni kwa Zainabu. Yeye aliita sadaka, Zainabu aliita futari, watoto waliita ugali. Sufuria ilikwanguliwa mpaka ikang'aa, na vicheko vilisikika hadi barabarani.

Ndivyo Mwenyekiti alivyowapata. Wiki ya tatu alimkuta Efrazia kijiani, bakuli mkononi. Akilichukua, watoto wanalala na njaa.

"Mama Efrazia, unga huo una kibali?"

"Huu si unga, Mwenyekiti. Hii ni Kwaresima."

"Ah, mama! Mimi pia ni Mlutheri."

"Basi unachelewa."

Zainabu akatokea na birika la maji. "Karibu, Mwenyekiti, jua limezama. Nawa."

Mwenyekiti alitazama tangazo lililobandikwa kwenye mti, akatazama sufuria iliyokuwa ikichemka jikoni kwa Zainabu, akanawa.

Jumatatu iliyofuata alirudi. Alikuwa na bakuli lake la unga, limefunikwa kitambaa. Kibali hakuwa nacho.